Kituo cha Kuwasaidia Wahadhiri

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, lakini sheria inataka anayelitaja awe amesimama wima, na mimi ninaandika nikiwa nimekaa. Kwa hiyo tutaiita nchi tu. Ni nchi ya amani. Ina bendera, ina wimbo, ina Chuo Kikuu, na mwaka ninaouzungumzia Chuo Kikuu hicho kilipata ushindi ambao jirani zetu wote wanautamani hadi leo: hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyefeli.

Waziri wa Elimu ya Juu na ya Juu Zaidi alilihutubia taifa kwa furaha. "Ndugu wananchi," alisema, "ujinga tumeuzika. Tena tumeuzika kifudifudi, ili ukijaribu kujifukua uzidi kwenda chini!" Wananchi wakapiga makofi, na shule zikafungwa siku nzima ili watoto wasije wakajifunza kitu cha kuharibu sherehe.

Sababu ya ushindi huo haikuwa siri. Serikali ilikuwa imenunua akili mnemba yake yenyewe, mashine ya kujibu maswali, ikaipa jina la Hekima ya Taifa. Mwanafunzi alipopewa swali na mhadhiri alimpa Hekima, na Hekima ikajibu. Mhadhiri alipoletewa jibu alimpa Hekima, na Hekima ikasahihisha. Hekima haikuwahi kujinyima alama. Kazi ilitoka kwa Hekima ikarudi kwa Hekima, kama mtu anayejitumia salamu za heri redioni, na katikati walikuwepo wanafunzi na wahadhiri, wamepumzika.

Isitoshe, Hekima ilikuwa imelelewa vizuri. Ili isiige tabia mbaya za mashine za kigeni, ilifundishwa kwa hotuba za viongozi, taarifa za wizara na magazeti ya serikali tu. Ukiiuliza kuhusu njaa, inakueleza mikakati. Ukiiuliza kuhusu barabara, inakupongeza kwa kusafiri.

*

Katika chuo hicho alikuwepo Daktari Sikujua Mbaruku, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo wanafunzi wa viti vya nyuma walizoea kuikosa bila kusikitika. Alifundisha kozi ya Maji ya Mjini. Miaka mingi aliifundisha kama wengi walivyofundisha zao: yeye anasoma, wao wanaandika, kwenye mtihani wanamrudishia alichowasomea. Hakuwa mwalimu mbaya wala hodari. Alikuwa kwenye ratiba.

Ikatokea umeme ukakatika mjini na Hekima ikawa haipatikani, na matokeo yanatakiwa. Daktari Sikujua akalazimika kusahihisha mwenyewe. Akafungua kazi ya msichana mmoja aitwaye Mwadawa Sengo, iliyohusu kijito cha Mzambarauni. Ilikuwa kazi safi. Ilisema kijito hicho kina "maji maangavu yanayotiririka sambamba na mipango ya maendeleo." Akafungua kazi ya pili. Maji yalikuwa maangavu, nayo yalitiririka sambamba. Ya tatu vivyo hivyo. Akaziweka chini, akamwita Mwadawa ofisini.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Hiki kijito ulichokiandika, umewahi kukiona?"

Mwadawa alifikiri kidogo. "Sijakiona, Daktari. Lakini nimekiandika vizuri."

"Unakaa bweni gani?"

"La Umoja."

"Ukifungua dirisha la nyuma, unasikia harufu?"

"Harufu? Mbona kali! Ndiyo maana hatulifungui."

"Basi ndicho hicho."

Msichana alicheka, halafu akaona Daktari hacheki, akanyamaza. Akatazama mikono yake. Daktari Sikujua alitaka kumkemea, ila maneno hayakuja, kwa sababu alipolitazama upya swali alilokuwa ameliuliza aliona ni swali ambalo mashine ingelijibu usingizini. *Elezea umuhimu wa vijito vya mjini.* Nani asiyeweza kuelezea umuhimu? Mtoto amepita njia ya mkato, ndiyo. Lakini nani aliyechora barabara isiyokwenda popote?

"Nenda," akamwambia. "Kosa si lako peke yako."

Akaivunja kozi yote. Hakuifanyia marekebisho; aliivunja kama mtu anayevunja ukuta uliopinda, akaanza msingi. Kozi mpya haikuwa na swali la kuelezea umuhimu wa kitu chochote. Wanafunzi waligawanywa katika makundi, kila kundi na mtaa wake. Kazi ya kwanza: muulizeni Hekima kuhusu maji ya mtaa huo, mlete jibu lake kama lilivyo. Hakuwakataza mashine; aliwaagiza waanze nayo. Kazi ya pili: nendeni mtaani. Chukueni maji, myapime maabara, mkae na wanaoyanywa, muwaulize. Kazi ya tatu: simameni mbele ya darasa mtuambie Hekima imesema kweli wapi na imekosea wapi, kisha wenzenu wawaulize, nanyi mjibu bila karatasi mkononi.

Wanafunzi walighadhibika. Walimwandikia Mkuu wa Chuo malalamiko, tena kwa ufasaha mkubwa kwani yaliandikwa na Hekima, kwamba wanafanyishwa masomo. Mkuu wa Chuo akajibu kwamba suala hilo ni geni na litaundiwa kamati. Kabla kamati haijaundwa, makundi yalikuwa yameshakwenda mitaani.

*

Kundi la Mwadawa lilipewa mtaa wa Kichangani. Hekima ilikuwa imewaambia kwamba maji ya Kichangani ni safi, salama na ya kutosha. Mwanamke wa kwanza waliyemkuta alikuwa anakaanga mihogo mlangoni kwake, mama wa mapacha, Kulwa na Doto, wasichana wadogo waliokuwa wamelala mkekani mchana kweupe.

"Karibuni, wanangu," alisema Mama Kulwa. "Mnasema mnataka kujua habari za maji? Mnataka saa yanayotoka au harufu yake? Maana saa hayana."

"Vyote, mama," alisema Mwadawa. "Na hawa watoto wanaumwa?"

"Matumbo. Akipona huyu, anaanza yule. Wameshazoea." Akainuka, akamletea Mwadawa bilauri ya maji kama mgeni anavyoletewa. Mwadawa aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Akaona aibu kuinywa na aibu kutoinywa, na hapo ndipo, kama alivyosimulia baadaye, alipoielewa kozi.

Majibu ya maabara yalipotoka, Mwadawa hakuyaamini. Akarudi Kichangani, akachukua maji mengine, akapima tena. Ilikuwa vilevile: uchafu wa vyoo ulikuwa umeingia kwenye maji ya kunywa.

Siku ya kusimama mbele ya darasa aliyaeleza hayo bila karatasi mkononi. Kijana mmoja wa kundi lingine akanyoosha mkono. "Umejuaje kama ni bomba? Labda ni ndoo zao chafu."

"Nilidhani hivyo," alisema Mwadawa. "Ndiyo maana nilirudi. Nilichukua ya ndoo kivyake na ya bomba kivyake. Ya bomba ni mabaya zaidi."

"Bomba lote au pale kwake tu?"

"Kuanzia pale linapopita chini ya mtaro. Kabla ya mtaro ni mazuri."

Wakaulizana, wakabishana, mmoja akaenda ubaoni kuchora mtaro, mwingine akamfutia akachora upya. Muda wa kipindi ukapita na hakuna aliyeondoka. Daktari Sikujua alikaa kiti cha nyuma kabisa, mikono mapajani, akiogopa kukohoa asije akavuruga. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikuwa anaona darasa.

*

Katika majira hayohayo serikali ilizindua Kituo cha Taifa cha Kuwasaidia Wahadhiri Kutunga Kozi Bora Katika Zama za Akili Mnemba. Jina lilikuwa refu kiasi kwamba bango lake lilikata kona ya jengo, na aliyetaka kulisoma lote alilazimika kuzunguka. Mkurugenzi wake alikuwa Profesa Kasimiri Ndauka, mtu wa kimo kikubwa na kicheko kikubwa zaidi, ambaye hakuwa ameingia darasani kwa miaka mingi kwa sababu ya shughuli za kuwasaidia wanaoingia.

Wahadhiri wote waliitwa kwenye semina, katika hoteli yenye bustani. Profesa Ndauka akapanda jukwaani.

"Wahadhiri wenzangu! Zamani mwalimu alikuwa taa. Sasa taa ina usumbufu wake. Inataka mafuta, inataka utambi, inataka mtu wa kuiwasha. Leo tumepata jua! Nawauliza: mchana kweupe, taa ina kazi gani?"

Ukumbi ukanyamaza, maana hakuna aliyejua jibu lililoidhinishwa.

"Kazi yake ni kutulia!" alinguruma Profesa, na makofi yakaezua ukimya.

Kisha ukaja msaada wenyewe. Kila mhadhiri aliandika jina la kozi yake, akampa Hekima, na Hekima ikamrudishia kozi iliyoboreshwa papo hapo. Mhadhiri wa ushairi, mhadhiri wa uchimbaji madini na mhadhiri wa meno walipolinganisha kozi zao waliona ni kozi moja, majina tu ndiyo tofauti. Wakaelezwa kwamba huo unaitwa uwiano. Ile ya meno ilianza kwa kusema, "Jino ni nguzo ya maendeleo."

Daktari Sikujua akanyoosha mkono. Kwa sauti yake ya chini alieleza habari za mitaa, maabara, maswali bila karatasi. Alisema mashine si adui wala si mwalimu. Ni ya kuulizwa, halafu kuchunguzwa. Alisema swali ambalo mashine inalijibu bila kutoka ndani halimfai mwanafunzi mwenye miguu. Alipomaliza, ukumbi ulikuwa kimya kama watu wanaosubiri kujua iwapo wamesikia.

"Ahsante sana kwa mchango," alisema Profesa Ndauka. Katika taarifa rasmi ya semina imeandikwa hivi: *Dk. Mbaruku alitoa shukrani.*

Mchana, kwenye supu, mzee mmoja mwalimu wa historia, Daktari Lazaro Chilumba, alimfuata Daktari Sikujua, akaketi karibu naye na bakuli lake.

"Dada," alisema, "uliyoyasema ni kweli tupu, na ndiyo yanayonisikitisha. Mimi nina darasa ambalo likikaa, wengine wanakaa ngazini nje. Nitawapeleka wapi wale? Nitamsikiliza nani nimwache nani?"

"Huwezi kuwasikiliza wote, kaka. Wasikilizane wao. Chagua mwaka mmoja, tuseme mwaka ule wa ukame. Kila mwanafunzi akamuulize bibi yake nyumbani kwao walikula nini. Warudi, wakae wachache wachache, watafute mabibi wamepishana wapi na kwa nini."

Mzee Chilumba alisimamisha kijiko hewani. "Na wakimuuliza Hekima?"

"Wamuulize. Hekima haina bibi."

Mzee alicheka hadi supu ikamwagika mezani. Wiki iliyofuata alikuja maabara kwa Daktari Sikujua na kozi yake chini ya kwapa. Akaja na mwenzake wa sheria. Wakafuata wa uuguzi, wa hesabu, wa kilimo. Walikuja alasiri baada ya vipindi, wakakaa kwenye vile viti virefu vya maabara kati ya chupa, kila mmoja na kozi yake kama mama aliyempeleka mtoto kliniki, na kila mmoja akiungama palepale ilipokuwa inamuuma. Mwalimu wa hesabu alisema, "Mimi nimekuwa nikiwapa majibu ya maswali ambayo hawajayauliza," akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Wakasaidiana. Kwa msimu mmoja katika historia ya nchi yetu, wahadhiri walikuwa wanasaidiwa kutunga kozi bora. Kwa kuwa jambo hilo halikufanyika Kituoni, haliko katika taarifa za Kituo.

*

Matokeo ya mwisho wa muhula yalipelekwa Kituoni yakahakikiwe na Hekima. Hekima ilipima kila kazi kwa kipimo kiitwacho ulinganifu, yaani namna kazi inavyofanana na ambavyo Hekima ingeiandika. Ndipo msiba ulipoanza. Kundi la Kichangani lilifeli. Maji ya Kichangani ni safi, salama na ya kutosha, ilisema Hekima. Hivyo walioandika vinginevyo wamebuni. Wanafunzi wa Mzee Chilumba nao walifeli, kwa sababu mabibi walikumbuka kula mizizi katika mwaka ambao gazeti la serikali liliandika mavuno.

Waziri alipopelekewa habari kwamba nchini kuna watu wamefeli, alikataa chakula. Daktari Sikujua akaitwa mbele ya Kamati ya Ulinganifu, mwenyekiti Profesa Ndauka.

"Daktari," alianza Profesa, "kozi yako imetoa wanafunzi wanaojua mambo ambayo Taifa haliyajui. Huoni kwamba huo ni utovu wa adabu?"

"Profesa, waliyaona kwa macho."

"Macho ya nani?"

"Yao."

"Yamesajiliwa?"

Kamati ikaamua kumuuliza Hekima moja kwa moja, ili haki ionekane ikitendeka. Hekima ikatoa sauti yake tamu: "Maji ya Kichangani ni safi, salama na ya kutosha, kutokana na juhudi za dhati. Je, ungependa nikuandikie shairi juu yake?"

"Umesikia mwenyewe," alisema Profesa.

Daktari Sikujua akafungua mkoba wake, akatoa chupa, akaiweka mezani mbele yao. "Haya nimeyachukua leo kwa Mama Kulwa," alisema. "Karibuni."

Wajumbe wakaitazama chupa. Mmoja akasema amefunga. Mwingine akasema daktari wake amemkataza vimiminika. Wa tatu akafafanua kwamba yeye ni mtaalamu wa maji ya ardhini, na haya ni ya bomba, asingependa kuingilia fani ya mtu. Mlangoni alisimama mpiga picha wa gazeti la serikali. Profesa Ndauka alimwona. Akainuka, akafungua chupa, akanywa yote mpaka tone la mwisho, huku mkono mmoja kiunoni kama bondia.

"Matamu!" alisema. Picha ikapigwa. Shauri likafungwa.

*

Haukupita muda Profesa akalazwa. Daktari Sikujua alikwenda kumjulia hali, kama watu wanavyofanya, akamchukulia machungwa. Alimkuta amefungwa dripu, amesinyaa, kicheko kimemtoka mwilini pamoja na mengine.

"Umekuja kunicheka," alisema Profesa.

"Nimekuja kukupa pole."

Muuguzi alipotoka, Profesa akasema akiuangalia ukuta, "Unajua nilikuwa mwalimu mzuri, mimi."

"Najua. Ulinifundisha."

Akageuza kichwa. "Wewe?"

"Mwaka wangu wa pili. Ulitupeleka bwawani, ukatuvua viatu wote ukasema atakayeogopa matope akasome sheria. Mpaka leo najua maji yanakwenda kasi kiasi gani nikiyatia mguu."

Profesa Ndauka alifumba macho. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni kwa vile alikuwa chali, wala hakuinua mkono kuyafuta. Daktari Sikujua akayafuta kwa ncha ya kitenge chake.

"Nilijua ni machafu kabla sijaifungua ile chupa," alisema Profesa kwa sauti ndogo.

"Basi sema, Profesa. Wewe ukisema watasikia. Kule kuna watoto."

"Nikisema nitakuwa nani?"

"Mwalimu."

Profesa alimshika mkono, akaubana kweli. "Nikitoka hapa, dada. Nikitoka tu hapa."

Akatoka. Taarifa ya kwanza aliyoitia saini ilieleza kwamba alikuwa amelazwa kwa uchovu uliotokana na mafanikio. Ya pili ilihusu kozi ya Maji ya Mjini, ambayo Kituo kilikuwa kimeisaidia. Safari za mitaani ziliondolewa, pakawekwa picha ya mto, na wanafunzi wangetakiwa kueleza rangi ya maji yake. Rangi yenyewe ilitajwa pembeni ili kuwapunguzia mzigo. Katika kozi ya historia, mabibi wa wanafunzi walifutwa na wizara ikateua bibi mmoja wa taifa zima, mwanamke mpole mwenye kumbukumbu nzuri, aliyekubaliana na kila kitu. Mzee Chilumba alimsikiliza mara moja, akaomba kustaafu.

Wanafunzi waliofeli walipewa huruma: waoanishe kazi zao na Hekima, au wasipate shahada. Mwadawa akaja maabara. Hakuamkia.

"Daktari, Doto amefariki."

Daktari Sikujua akaketi.

"Mama Kulwa amenipigia simu mwenyewe," alisema Mwadawa. "Halii. Ananiuliza tu, yale maji yetu mliyoyachukua, mliyapeleka wapi? Nimjibu nini?"

Nje, wanafunzi walikuwa wanapita wakicheka. Mwadawa akaendelea, "Wanataka niandike ni safi. Na nyumbani mama anasubiri mahafali, ameshashona nguo. Niambie nifanye nini, Daktari. Wewe ndiye uliyenipeleka kule."

Daktari Sikujua alijua alichopaswa kusema. Alikuwa amekisema mwaka mzima kwa njia nyingi. Akamtazama yule msichana, akamwona bila shahada, bila kazi, akigonga milango. Naye akamhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyomwangusha.

"Badilisha, mwanangu."

"Nibadilishe?"

"Andika wanavyotaka. Uchukue shahada yako. Ukishakuwa ndani, ukapata cheo, utalitengeneza lile bomba."

Mwadawa akauendea mlango. "Na wewe ndivyo walivyokwambia?" aliuliza, akatoka bila kungoja.

Alibadilisha. Alikuwa mwanafunzi hodari, akabadilisha vizuri, na kazi yake ikapata ulinganifu ambao haujawahi kuonekana. Waziri mwenyewe alimvika nishani. Aliajiriwa na Mamlaka ya Maji, kwenye dawati la kuipelekea Hekima habari za kila mtaa, na wanaofanya naye kazi wanamsifu kwa umakini: hapeleki neno lolote kabla ya kulirudia na kulirudia tena kuhakikisha ni safi. Akikutana na Daktari Sikujua njiani humwambia, "Shikamoo, Daktari," kwa heshima zote, na hasimami.

Watu wa Kichangani bado wapo. Kuhara kulipozidi serikali ilitoa tamko la kuwatoa wananchi hofu, kwamba waliofariki si wengi, na kwa kuwa karibu wote ni wadogo, hawakuacha pengo kubwa.

*

Daktari Sikujua akapandishwa cheo. Alifanywa Naibu Mkurugenzi wa Kituo. Watu walidhani atakataa, lakini alikubali, akijiambia maneno yaleyale aliyomwambia Mwadawa, kwamba akishakuwa ndani. Alipewa ofisi yenye pazia na zulia. Wahadhiri waliletwa kwake mmoja mmoja kusaidiwa, naye akawaonyesha pa kubonyeza. Walimshukuru wakaenda. Wale wa maabara, wakikutana naye, walimuulizia afya yake, wakaishia hapo.

Asubuhi moja akaingia mwanamke mnene mwenye viatu vya vumbi, Bi. Tabu Lihundi, mwalimu wa ukunga kutoka chuo kimoja cha mkoani. Alikuwa amesafiri kwa basi, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Nimeambiwa hapa ndipo wahadhiri wanaposaidiwa," alisema. "Nimetunga kozi, lakini nipo peke yangu kule, sina wa kumuonyesha. Wanafunzi wangu wanajua kila kitu cha kwenye mashine, halafu wakifika chumba cha uzazi wanazimia. Nikaona hapana, mtoto hazaliwi kwenye mashine. Tafadhali isome, dada. Ukiona ni upuuzi niambie tu."

Daktari Sikujua akaisoma. Kila mwanafunzi angemfuata mama mjamzito mmoja tangu mimba ikiwa changa hadi kujifungua. Angeiuliza Hekima kwanza, kisha mkunga mzoefu, kisha mama mwenyewe, halafu angesimama mbele ya wenzake kueleza wamepishana wapi na yeye angemwamini nani, kwa sababu gani, mama akiwa anatokwa damu na muda ni mfupi. Alisoma polepole. Alipofika mwisho akarudi ukurasa wa kwanza akasoma tena.

Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Hakuna. Wewe ndiye wa kwanza."

"Hujampa Hekima?"

"Bado. Niliambiwa mtaniingizia hapahapa." Bi. Tabu akaanza kuwa na wasiwasi. "Ina makosa mengi?"

"Haina." Sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa ya chini, ilizidi kushuka. "Ni nzuri sana, mama. Sina la kuongeza."

"Alhamdulillahi! Basi tuisajili."

Kutoka kwenye korido kicheko cha Profesa Ndauka kilikuwa kinasogea, na nyuma yake sauti za wageni waliokuja kutembezwa Kituoni. Daktari Sikujua akazikunja zile karatasi mara mbili, akazitia mwenyewe ndani ya mkoba wa mgeni wake, akaufunga.

"Nenda," alisema. "Kuna mlango wa nyuma, unatokea jikoni. Usisimame kumsalimia mtu. Panda basi la kwanza utakaloliona, urudi nayo kwenu kabla hatujakusaidia."